Duka Likiuzwa, Kaunta Ikaguliwe Kwanza

Supamaketi ikiuzwa katika mji kama Tabora, wa kwanza kuonekana ni mafundi wa rangi. Bango la zamani hushushwa, ukuta wa mbele hupakwa rangi nyingine, wahudumu hushonewa fulana mpya, na siku ya ufunguzi spika kubwa huwekwa mlangoni ili anayepita kuelekea sokoni ajue kwamba mambo yamebadilika. Ndani, kwenye kaunta ya malipo, kompyuta ni ileile, skana ni ileile ambayo waya wake umefungwa kwa selotepu, na programu ya mauzo ni ileile iliyowekwa na fundi ambaye siku hizi anafanya kazi mkoa mwingine. Hoja ya makala haya ni kwamba fedha za mwenye duka mpya zimeanza kutumika mahali pasipostahili. Anayenunua duka linalofanya kazi ananunua, zaidi ya kitu kingine chochote, kumbukumbu: bei, hesabu ya bidhaa, madeni na ahadi kwa wasambazaji; na kumbukumbu hizo zinaishi kwenye kaunta na kwenye kompyuta ya ofisi iliyo nyuma yake. Akiziacha zioze huku akipamba ukuta, amelipia duka na kubaki na jengo.

Watu wa mikoa hii ya magharibi si wageni wa majina yanayobadilika. Celtel iligeuka Zain mwaka 2008, Zain ikawa Airtel mwaka 2010, na mwishoni mwa mwaka 2024 Tigo ikawa Yas, miaka miwili hivi baada ya kununuliwa na kundi la Axian. Vituo vya mafuta vilivyokuwa vya BP tunaviita Puma. Mabadiliko hayo yalipokelewa bila kishindo kikubwa kwa sababu kile ambacho mteja alikithamini kilivuka salama: namba yake ya simu haikubadilika, salio lake halikupotea, na wakala wa mtaani kwake alibaki yuleyule. Kampuni ya simu isiyoweza kuhamisha salio la mteja isingethubutu kubadili hata rangi ya mwavuli wa wakala. Supamaketi nayo ina kitu ambacho mteja anatarajia kivuke salama, ingawa hakiandikwi popote: kwamba bei aliyoiona kwenye rafu ndiyo atakayotozwa, kwamba risiti atakayopewa ni ya kweli, na kwamba akirudisha bidhaa mbovu kesho yake kutakuwa na kumbukumbu kuwa aliinunua hapo. Mambo yote matatu ni kazi ya kaunta.

Afrika Mashariki imeshuhudia maduka makubwa yakibadilisha mikono kwa kasi katika miaka kumi na kitu iliyopita. Shoprite ya Afrika Kusini iliondoka Tanzania kwa kuuza maduka yake matatu, mawili ya Dar es Salaam na moja la Arusha, kwa Nakumatt ya Kenya, na mwaka 2014 bango moja likapisha jingine. Uchumi, iliyoanzishwa Kenya mwaka 1975, ilifunga maduka yake ya Tanzania na Uganda Oktoba 2015. Choppies ya Botswana iliingia Kenya kwa kununua maduka ya Ukwala, ikayabandika jina lake, na kabla muongo haujaisha ikawa inafungasha virago. Nakumatt yenyewe iliwekwa chini ya msimamizi wa mahakama Januari 2018, na mwaka 2020 maduka yake ya mwisho yakaangukia mikononi mwa Naivas. Hakuna hata moja kati ya majina hayo lililofika Tabora, wala sisemi kwamba Nakumatt iliangushwa na mashine za kaunta. Iliangushwa na madeni. Lakini namna duka linavyokufa kwa madeni inafahamika: msambazaji asiyelipwa huacha kuleta mzigo, rafu hubaki wazi, mteja huenda kwingine, na fedha za kumlipa msambazaji hupungua zaidi. Mnyororo huo huanza mapema na kwa urahisi zaidi pale ambapo mwenye duka mwenyewe hajui kwa uhakika ameuza nini, amebakiwa na nini, na anadaiwa na nani. Majibu ya maswali hayo huzaliwa kwenye kaunta, kila skana inapolia.

Kuchakaa kwa kaunta wakati wa mauziano kuna sababu ya kiuchumi ambayo haihitaji uzembe wa mtu yeyote. Mwenye duka anayefikiria kuuza hana sababu ya kununua kompyuta mpya, kwa kuwa anajua mnunuzi atakagua eneo, kodi ya pango, rafu na wingi wa wateja, na hatatoa nyongeza kwa ajili ya programu ya mauzo ambayo hata haielewi. Kwa hiyo mwaka mmoja au miwili kabla ya mauzo, matumizi ya upande huo husimama. Mnunuzi naye anakuja akiwa ameshakopa benki, amelipia jina na wateja, amelipia rangi na bango, na amejaza bidhaa ili ufunguzi upendeze. Anapotazama kaunta anaona kitu kinachowaka na kutoa risiti, basi anakiacha. Mashine hiyohiyo inapita katika mikono miwili ambayo kila mmoja ana sababu nzuri ya kutoigusa. Ikiwa duka litauzwa tena, kama ilivyo kawaida kwa maduka ya mijini kwetu ambayo hufuata mzunguko wa ukoo na wa mtaji, kompyuta iliyonunuliwa enzi za mwenye duka wa kwanza itamkuta wa tatu.

Ili kuona kwa nini hili ni zito, inafaa kueleza kinachotokea kaunta inaposoma bidhaa. Wateja wengi huamini kwamba bei imo ndani ya ile mistari myeusi. Haimo. Bakodi iliyo kwenye pakiti ya sabuni ina namba tu, kwa kawaida yenye tarakimu 13, na namba hiyo inasema ni bidhaa gani na si ya bei gani. Ndivyo ilivyokuwa tangu tarehe 26 Juni 1974, pakiti ya ubani wa Wrigley's iliposomwa kwa skana katika duka la Marsh mjini Troy, Ohio, na ndivyo ilivyo leo Tabora. Tarakimu za mwanzo huonyesha shirika la GS1 la nchi gani lililotoa namba hiyo, 620 kwa Tanzania na 616 kwa Kenya. Hazithibitishi mahali bidhaa ilipotengenezwa, jambo ambalo mara nyingi huelezwa kimakosa. Bei inatoka kwenye jedwali lililohifadhiwa katika kompyuta ya duka. Skana inasoma namba, programu inaitafuta namba hiyo kwenye jedwali, inakuta jina, bei na aina ya kodi, kisha inaviandika kwenye risiti. Kwa hiyo duka lina bei mbili zinazojitegemea: moja kwenye kikaratasi cha rafu, ambayo mteja anaiona, na nyingine kwenye jedwali, ambayo ndiyo anayotozwa. Kinachozifanya zifanane ni nidhamu ya kazi tu, yaani mtu fulani anayebadili zote mbili kila mzigo mpya unapofika.

Kuna tabaka jingine. Duka lenye kaunta nne kwa kawaida haliziachi zote zitegemee kompyuta moja ya ofisini kila sekunde, kwa sababu mtandao wa ndani ukikatika mauzo yangesimama. Kila kaunta hutunza nakala yake ya jedwali na kuisasisha kwa wakati uliopangwa, mara nyingi baada ya kufunga. Ni mpango wa busara, na kwa mji ambao umeme unaweza kukatika saa yoyote ni mpango wa lazima. Lakini kaunta iliyokuwa imezimwa usiku ule, au ambayo betri yake ya akiba imekufa, itaamka asubuhi na bei za jana, huku jirani yake akitoza za leo. Mashine zikiwa changa na fundi akiwa karibu, kasoro hiyo huonekana na kurekebishwa siku hiyohiyo. Mashine zikiwa nzee na fundi akiwa ameondoka pamoja na mwenye duka wa zamani, tofauti hizo hurundikana hadi jedwali la kaunta ya kwanza na la kaunta ya nne yanakuwa ya maduka mawili tofauti.

Tofauti hiyo nimewahi kuishuhudia katika duka moja mjini hapa ambalo lilikuwa limebadili jina muda mfupi kabla. Mama mmoja wa makamo alisimama mbele yangu na mafuta ya kupikia, akasema kwa upole, "Mwanangu, kule kwenye rafu imeandikwa bei nyingine." Binti wa kaunta akamjibu, kwa heshima ileile, "Samahani mama, mashine ndiyo inavyosema." Hakuwa na jibu jingine, kwa kuwa hakupewa ruhusa ya kubadili bei wala hakujua nani anayo. Mama yule alilipa bei ya mashine. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza maelezo ya kupotosha kuhusu bei, na sidhani kama kuna mwenye duka ambaye angependa kumweleza mkaguzi kwamba kikaratasi cha rafu ni cha mmiliki mpya na jedwali la kaunta ni la mmiliki wa zamani.

Tatizo hilo hukua zaidi pale mfanyabiashara mwenye maduka yake anaponunua la mwenzake na kutaka kuyaendesha kama duka moja. Bidhaa za viwandani zina namba zinazotambulika dunia nzima, kwa hiyo kuunganisha majedwali yake ni kazi ya subira tu. Shida ipo kwenye vitu vinavyopimwa dukani: nyama, mchele wa kupima, njugu, vitunguu, asali inayofungwa hapohapo, na kwa wenzetu wa Kigoma dagaa wa ziwani. Mzani wa duka huchapisha kikaratasi chenye bakodi inayoanza na tarakimu 2, na namba zinazoanza hivyo zimetengwa kwa matumizi ya ndani ya duka. Baada ya ile 2 hufuata namba ambayo duka limeipa bidhaa, kisha uzito au bei, kisha tarakimu ya mwisho ya kuhakiki. Kila duka linajitungia. Duka la kwanza linaweza kuwa limeupa mchele wa Shinyanga namba ambayo duka la pili limewapa dagaa, na hakuna aliyekosea, kwa sababu yalikuwa maduka mawili yasiyohusiana. Siku majedwali yanapounganishwa bila kukagua namba hizo, mzani wa tawi moja utachapisha dagaa na kaunta itaandika mchele. Kinachofanya kosa hilo liwe baya ni kwamba halipigi kelele. Risiti inatoka, fedha zinaingia, foleni inasogea. Ila hesabu ya stoo inaonyesha mchele unaoisha ambao haujauzwa na dagaa wanaobaki ambao hawapo, na mwisho wa mwezi mtu ataitwa mwizi.

Baadhi ya wasomaji watadhani ninatetea kununua mashine mpya kwa kila duka linalouzwa. Sivyo, na hapa nataka kueleweka vizuri. Katika biashara hii mashine kuukuu si dhambi. IBM ilikuwa na mfumo wa kaunta uitwao 4690 ambao misingi yake ni ya miaka ya 1980, na uliendelea kuhudumia minyororo mikubwa ya maduka kwa miongo kadhaa. Kampuni hiyo ilipouza kitengo chake cha mashine za maduka kwa Toshiba TEC mwaka 2012, kwa dola za Marekani milioni 850, mfumo huo ulihamia kwa mnunuzi pamoja na watu walioufahamu na mikataba ya kuutunza. Uzee wa mashine yenye mtunzaji unavumilika. Kisichovumilika ni mashine ambayo hakuna aliyebaki anayeijua: nenosiri la msimamizi halijulikani, leseni ya programu imeandikwa kwa jina la mtu aliyeuza, nakala ya akiba iko kwenye diski ambayo haijajaribiwa, na mwenye duka anaogopa hata kuizima kwa kuhofia isiwake tena. Juu ya hayo kuna suala la usalama. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 Januari 2020, toleo la POSReady 7 lililotengenezwa mahususi kwa kaunta likafuata Oktoba 2021, na Windows 10 ikafikia ukomo wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kaunta inayotumia matoleo hayo haizimiki tarehe hiyo ikifika, na ndiyo maana hakuna anayestuka; inaendelea tu kufanya kazi bila viraka vya usalama, huku ikiwa imeunganishwa na intaneti na ikipitisha malipo ya wateja.

Upande wa pili wa hoja hii, yaani kwamba mashine mpya peke yake haiokoi, una mfano mkubwa kutoka Kanada. Mwaka 2011 kampuni ya Target ya Marekani ilinunua haki za upangaji za maduka ya Zellers kwa dola za Kanada bilioni 1.825, ikayafungua kwa jina lake kuanzia Machi 2013, ikafikisha maduka 133, na Januari 2015 ikatangaza kuyafunga yote. Target haikurithi kaunta za Zellers. Ilikuja na mfumo mpya na fedha za kutosha. Lakini taarifa za makumi ya maelfu ya bidhaa ziliingizwa kwa haraka ili kuwahi tarehe ya ufunguzi, vipimo vikakosewa, namba zikaachwa pungufu, na matokeo yake maghala yalijaa huku rafu zikiwa tupu. Kulikuwa na sababu nyingine pia, zikiwemo bei ambazo Wakanada waliziona kuwa juu. Hata hivyo kisa hicho kinafundisha kwamba kilichokuwa kikihitaji muda na fedha kilikuwa jedwali, na jedwali ndilo lililoharakishwa.

Morrisons ya Uingereza nayo ilinunua mnyororo mkubwa kuliko yenyewe, Safeway, mwaka 2004 kwa takriban pauni bilioni 3. Kubadili maduka ya Safeway kuwa ya Morrisons kulichukua hadi Novemba 2005, na katika kipindi hicho kampuni ilitoa tahadhari kadhaa kwa wawekezaji kuhusu faida, kisha ikaandika hasara ya kwanza katika historia yake. Baadaye ilisimama tena. Ninaitaja kwa sababu moja: Morrisons ilikuwa kampuni ya wauza chakula hodari, yenye uongozi uliojua kazi, na bado kuendesha maduka ya aina mbili kwa wakati mmoja, kila aina na mifumo yake, kuliiyumbisha. Mfanyabiashara wa Kanyenye au Gongoni hapa Tabora anayenunua duka la pili na la tatu hana wataalamu wa kumshika mkono pale hesabu zitakapokataa kulingana.

Tanzania inaongeza jambo ambalo wenzetu wa Kanada hawakuwa nalo, nalo ni mashine ya EFD, ile ya kielektroniki ya kutolea risiti za kodi. Mamlaka ya Mapato ilianza kuzitumia mwaka 2010 kwa wafanyabiashara waliosajiliwa VAT, kisha ikapanua kwa wengine, na leo risiti yenye alama ya kuhakiki ni sehemu ya kila mauzo halali ya supamaketi. Mashine hiyo husajiliwa kwa TIN ya mlipakodi. Hapo ndipo wanunuzi wengi wa maduka wanapochanganya mambo mawili. Ukinunua hisa za kampuni inayomiliki duka, kampuni ni ileile mbele ya sheria: TIN haibadiliki, mashine inaendelea, na jina la zamani likionekana juu ya risiti huenda hakuna kosa, ni jina la kampuni tu lisilolingana na bango. Lakini ukinunua mali, yaani rafu, majokofu, stoo na haki ya pango, mlipakodi ni mpya, na kuendelea kutoa risiti kwa mashine ya aliyekuuzia ni kuandika mauzo yako kwenye hesabu zake. Yeye atadaiwa kodi ya fedha ambazo hakuzipata, na wewe utaonekana hujauza kitu. Mteja mwenye biashara anayehitaji risiti kwa ajili ya hesabu zake naye anabaki na karatasi yenye jina la muuzaji ambaye hakumuuzia.

Hali ni hiyohiyo kwa lipa namba. Kikaratasi cha lipa namba kilichobandikwa kwenye kioo cha kaunta husahaulika kirahisi, na mteja akiingiza namba hiyo simu yake humwonyesha jina la mwenye duka wa zamani kabla ya kuthibitisha. Wateja wa siku hizi wameonywa sana kuhusu utapeli wa simu, na wana haki ya kusita. Mnunuzi wa duka aliyesahau jambo hili anapoteza mauzo kila saa bila kujua, au fedha zinaingia kwenye akaunti ya mtu mwingine na kuanza kufuatiliwa kwa simu na kwa kujuana.

Kodi zenyewe nazo hazikai palepale. Katika hotuba ya bajeti ya mwaka 2025/26 serikali ilipendekeza kiwango cha VAT cha asilimia 16, badala ya 18, kwa mnunuzi asiyesajiliwa VAT anayelipa kwa benki au kwa njia ya kielektroniki. Ninaliunga mkono wazo la kumpunguzia mzigo anayelipa kwa njia inayoacha kumbukumbu. Ila kwa upande wa kaunta, kanuni ya namna hiyo inadai kwamba programu ijue mteja analipaje kabla ya kukokotoa kodi, ilhali programu nyingi za zamani zilitungwa zikichukulia kwamba kiwango cha kodi ni sifa ya bidhaa na malipo ni hatua ya mwisho tu. Duka ambalo mtunzi wa programu yake bado anapatikana litarekebishiwa. Duka lililorithi programu isiyo na mwenyewe litabaki kubahatisha, au keshia ataagizwa akokotoe kwa kikokotoo pembeni, jambo linaloua maana nzima ya kuwa na mfumo.

Kwa hiyo ningependa kuona nini katika mauziano ya duka hapa Tabora? Kwanza, kaunta iingizwe kwenye mkataba kwa maandishi, kama majokofu yanavyoingizwa. Mkataba useme leseni ya programu ni ya nani na inahamishika au la, nani anakabidhi manenosiri, jedwali la bei litatolewa katika faili la aina gani, na nakala ya akiba itajaribiwa kwa kurejeshwa kwenye kompyuta nyingine mbele ya pande zote mbili. Faili la jedwali ambalo haliwezi kutoka ndani ya programu ya zamani lina thamani ndogo sana, na bei ya duka ipunguzwe kulingana na hilo. Pili, mtu mmoja anayeijua kaunta, awe keshia mkuu au mtunza stoo, abakizwe kwa mshahara wake kamili kwa kipindi cha makabidhiano. Wanunuzi wengi hufanya kinyume: huleta ndugu na watu wao siku ya kwanza, na pamoja na keshia mkuu huondoka maarifa ambayo hayakuandikwa popote, kwa mfano kwamba sukari ya mifuko midogo imesajiliwa kwa namba mbili, au kwamba kaunta ya tatu isizimwe kabla ya kufunga hesabu ya siku. Kununua biashara na kumfukuza pekee anayejua inavyofanya kazi ni uamuzi ambao sijawahi kuona ukitetewa kwa hoja.

Kusafisha jedwali hakuhitaji fedha nyingi. Kunahitaji watu wawili wavumilivu wapite rafu kwa rafu wakiwa na skana ya mkononi, waanze na bidhaa zinazouzwa kila siku, kwa kuwa katika duka lolote la chakula sehemu kubwa ya mauzo hutoka kwenye bidhaa chache, walinganishe jina, ujazo, bei na aina ya kodi, na wafute namba ambazo bidhaa zake hazipo tena. Vitu vya mzani vipewe orodha moja mpya kwa matawi yote kabla ya mzani wowote kuunganishwa na mfumo mpya. Kaunta moja ibadilishwe kwanza, ifanye kazi sambamba na za zamani mpaka hesabu zake za jioni zilingane na fedha zilizomo, ndipo nyingine zifuate. Bango lisubiri. Najua wenye maduka wataniambia kwamba bango ndilo linaloleta wateja, nami sikatai. Linawaleta siku ya kwanza wakakute kaunta ileile ikiwatoza bei ya zamani, na safari hii lawama zinabeba jina jipya.

Kuna jambo dogo ambalo sheria imelishika na ambalo wauzaji wa maduka hawajalizoea. Maduka kadhaa hutunza majina na namba za simu za wateja wa kukopeshwa au wa kujikusanyia pointi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, daftari hilo haliwezi kuchukuliwa kama rafu na majokofu. Mteja alitoa namba yake kwa mtu aliyemjua, na anayeipokea sasa anapaswa kuitumia kwa lengo lilelile na kuitunza.

Haya yote yanakuja wakati wake. Treni ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria hadi Dodoma katikati ya mwaka 2024, vipande vya kuja Tabora na kwenda Isaka vina wakandarasi, na mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma ulitiwa saini Desemba 2022. Usafiri ukiwa nafuu, wenye mitaji ya Dar es Salaam, Mwanza na ng'ambo wataanza kuyatazama maduka yetu kama maeneo ya kununuliwa, na si lazima tuyachukulie maongezi hayo kwa hofu. Duka lenye jedwali safi, hesabu ya stoo inayoaminika na leseni zinazoeleweka litauzwa kwa bei nzuri zaidi kuliko duka lenye ukuta mzuri, kwa sababu mnunuzi mzoefu atatuma mkaguzi kwenye kaunta kabla hajamtuma fundi rangi. Wafanyabiashara wa hapa wanaodhani siku moja watauza wana sababu ya kifedha ya kuanza kazi hiyo sasa.

Sababu inayonisukuma zaidi kuandika, lakini, ni keshia. Katika maduka mengi ya mijini kwetu upungufu wa kaunta hukatwa kwenye mshahara wa aliyekuwa zamu. Duka likiwa limehesabiwa vizuri na jedwali likiwa sahihi, utaratibu huo bado una maswali. Duka likiwa limebadili mikono bila stoo kuhesabiwa, jedwali likiwa la mtu mwingine na kaunta mbili zikitoza bei mbili, utaratibu huo ni dhuluma ya wazi. Mteja anayelalamika hurudishiwa tofauti ya bei kutoka kwenye droo, tofauti hiyo haiandikwi kwa sababu programu haina sehemu ya kuiandika, na jioni droo inapungua. Binti aliyejibu kwa heshima kwamba mashine ndiyo inavyosema ndiye atakayelipa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa ajili ya hasara bila kuonyesha kwamba mfanyakazi ndiye mwenye kosa, na bila kumpa nafasi ya kujieleza. Lakini keshia asiye na mkataba wa maandishi, ambaye mwajiri aliyemwajiri ameshaondoka na aliyekuja hajamjua vizuri, atamweleza nani? Ndiyo maana ningependa mkataba wa kuuziana duka uwe na kifungu kimoja cha lazima, hata kama vingine vyote vitaachwa: stoo na fedha zihesabiwe siku ya makabidhiano mbele ya muuzaji, mnunuzi na makeshia, upungufu wowote wa kabla ya hesabu hiyo uwe wa muuzaji, na ule utakaotokea baada yake, hadi jedwali la bei litakapokaguliwa na kusainiwa, ubebwe na mnunuzi.